Maswali Ambayo Sikuyatoa

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua. Leo nimebandika ratiba mpya ya kazi za nyumbani kwenye mlango wa darasa la saba, gundi nyuma na misumari minne pembeni, unyevu usije ukaibandua. Masomo matano, kila somo maswali thelathini, kila siku ya shule. Walimu wenzangu walinung'unika juu ya kusahihisha. Mkuu wa shule akawakata kauli: "Mwaka jana tumeshika mkia. Kwani mmeupenda?" Wakanywea.

Wazo ni langu, mimi mwalimu wa taaluma na wa hisabati, na naliandika hapa ili siku likisifiwa nijue lilianza lini. Nilipokuwa nagongomea msumari wa mwisho nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Mia na hamsini." Nikageuka. Alikuwa Twiga, yule msichana mrefu wa dawati la nyuma kabisa, binti wa fundi wa kuchomelea vyuma.

"Mia na hamsini kwa wiki, mwalimu?"

"Kwa siku," nikamwambia.

Akacheka. Alidhani namtania.

Alhamisi, 7 Machi

Miaka kumi na minne ya kula vumbi la chaki, leo ndiyo nimepata jina la utani. Nimelikuta ukutani karibu na choo cha wasichana: THELATHINI. Nimecheka peke yangu hadi nikatazama huku na huku kama kuna aliyeniona.

Nyumbani Kasuku amefunga madaftari saa sita kasoro usiku. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka mitatu, na ananiita Mama mdogo. Shuleni ananiita mwalimu kama wenzake, maana yumo darasani mwangu, na simpendelei hata kidogo. Jina la Kasuku alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Hakuna kinachopita mbele yake asikisemee. Leo amekula chakula cha usiku bila neno. Nyumba imetulia. Nimeweza hata kuandika.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Madaftari arobaini na moja.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwamkia mlinzi getini kama kawaida. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Watoto wako wana bidii siku hizi! Leo mmoja amekuja saa kumi usiku. Giza totoro, mvua inapiga. Nikamfungulia."

"Saa kumi? Nani huyo?"

"Yule mrefu. Nimemwambia hujambo mjukuu wangu, akanipita kama nguzo. Kaingia darasani, kakaa." Akakuna shingo. "Adabu tu ndiyo haipo."

Nikamsamehe adabu. Mstarini nimemwita Twiga mbele, nikamsifu, shule nzima ikampigia makofi. Alisimama pale sketi yake ikidondosha maji, akiwatazama wanaopiga makofi kama mtu anayesikiliza sifa za mwingine.

Ijumaa, 15 Machi

Nimesahihisha daftari la Twiga. Maswali thelathini, amepata ishirini na tisa. Nikaweka alama, nikafunua ukurasa ili nitie sahihi, nikakuta kazi inaendelea.

Mwandiko ni wake ila umelala upande, kama nyasi zilizopitiwa na maji. Naunakili hapa.

"Swali la 31. Msichana anatoka nyumbani kwenda shuleni. Amevuka madimbwi manne. Yamebaki mangapi?

Swali la 32. Msichana huyohuyo amefika. Darasani hamna mtu. Je, amewahi au amechelewa?

Swali la 33. Mlango umefungwa mara tatu. Aliyefunga yuko ndani au yuko nje?"

Yanakwenda hivyo hadi la 44. Hayana majibu. Wakati wa mapumziko nimemwita ofisini nikamwonyesha. Aliyasoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Nani amekupa maswali haya?"

"Si wewe, mwalimu?"

"Mimi nimetoa thelathini."

Akatazama tena. "Mwandiko ni wangu," akasema. "Lakini sikumbuki kuandika." Kisha akaniuliza kama nitamkatia alama kwa kutoyajibu.

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi nimekuta tope kwenye shuka la Kasuku. Nyayo zake zina tope lililokauka mpaka vifundoni. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa.

Ana miaka kumi na mitatu. Nimewaza yale anayowaza mlezi yeyote. Nimemsimamisha jikoni. "Unakwenda wapi usiku? Unakutana na nani?"

"Siendi popote, Mama mdogo."

"Na hilo tope limekufuata kitandani lenyewe?"

Akaitazama miguu yake, akainua mmoja, akaushika kama kitu alichookota njiani. Hakulia wala hakujitetea. Kasuku ninayemjua angenipa hadithi tatu kwa mpigo na zote za uongo. Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika. Kuanzia leo ufunguo wa mlango nalala nao chini ya mto.

Alhamisi, 21 Machi

Saa tisa usiku nimeamshwa na sauti ya kitu kinachokwaruza. Nilidhani panya. Nikawasha taa ya sebuleni.

Kasuku alikuwa amesimama mbele ya mlango, sare kamili, begi mgongoni, kamba za viatu zimefungwa vizuri. Paji la uso ameliegemeza kwenye ubao wa mlango. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, kinashuka mstari, kinaanza tena. Alikuwa anaandika kwa ukucha.

Nikamgeuza taratibu nimwone uso. Macho yako wazi. Yalinipita yakaangalia kitu nyuma yangu, ukutani, mahali ambapo hapana kitu.

"Kasuku."

"Nimechelewa," akasema. Sauti ilikuwa yake ila imeondolewa kila kitu, kama chumba kilichohamwa.

Nikamshika mkono nikamrudisha kitandani. Akajilaza na begi lake. Asubuhi hakumbuki lolote, ila ukucha umepasuka. Alipokwenda kuoga nikafungua daftari lake la hisabati. Baada ya swali la thelathini kulikuwa na mengine sita. La mwisho liliandikwa hivi:

"Swali la 36. Msichana amefungiwa ndani. Ufunguo uko chini ya mto wa nani?"

Sikuwa nimemwambia nilikouweka. Nikaketi kwenye ndoo pale jikoni. Na nikakumbuka yale maneno niliyomwambia Jumatatu.

Jumapili, 24 Machi

Ufunguo nimeuhamishia kwenye kopo la majani ya chai. Nimemwomba Kasuku msamaha. Ameitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maswali yake.

Jumanne, 26 Machi

Jana usiku nilikwenda kujionea mwenyewe. Nilimfungia Kasuku ndani nikachukua mwavuli. Saa tisa na nusu nilikuwa kibandani kwa mlinzi, maji yakinitiririka mgongoni.

"Wamo watatu," akasema. "Mimi nilidhani bidii, mwalimu. Siku hizi sidhani tena. Siku hizi nikiwafungulia geti nasogea pembeni."

Tukapita ukumbini bila kuwasha tochi. Kabla sijafika dirishani nilisikia sauti za kalamu. Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini chini yake kalamu zilisikika wazi. Nikachungulia. Kiza kilikuwa cha kukata kwa kisu, nikamwambia mlinzi aelekeze tochi sakafuni.

Wasichana watatu, kila mmoja kwenye dawati lake, wamenyooka migongo kama siku ya ukaguzi. Madaftari yako wazi. Mikono inakwenda. Hakuna aliyekuwa anatazama alichoandika. Wote walikuwa wanatazama ubao, na ubao ulikuwa mtupu. Twiga alikuwa nyuma kabisa. Alipofika mwisho wa ukurasa akanyoosha mkono juu, akaungoja uonwe. Dakika nzima mkono ulikuwa hewani. Halafu akaushusha, akafunua ukurasa, akaendelea.

"Usiwashtue," mlinzi akaninong'oneza.

Nikaingia nikaketi kwenye kiti changu cha mwalimu. Sikujua kwingine pa kukaa. Nilikaa nao mpaka kulipopambazuka. Karibu saa kumi na mbili wakalaza vichwa madawatini, mmoja baada ya mwingine, na kengele ilipolia wakainuka wakapiga miayo kama watu waliosinzia kidogo tu. Twiga akaniona. "Shikamoo, mwalimu. Leo umewahi."

Saa mbili nikawa ofisini kwa Mkuu. Nilimweleza yote, na la Kasuku pia. Alinisikiliza huku akinyoosha karatasi moja mezani kwa kiganja. Ilikuwa matokeo ya mtihani wa wiki. Wastani wetu umepanda karibu mara mbili.

"Mwalimu," akasema, "ukilitoa hili nje, wazazi watasema shule ina mashetani. Ndani ya wiki hatuna mwanafunzi. Mtihani wa majaribio ni tarehe kumi na saba mwezi ujao. Mlinzi awafungulie, wakae ndani pakavu, hakuna atakayedhurika. Ukipita, tutapunguza."

Nimekubali. Naliandika neno hilo peke yake ili nilione: nimekubali.

Jumatano, 3 Aprili

Watano.

Ijumaa, 5 Aprili

Saba. Mlinzi anawahesabu kwa kokoto anazotia mfukoni, na wakilaza vichwa madawatini anazimwaga. Wanatoka njia mbalimbali na wanafika getini kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 8 Aprili

Tisa. Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Mstarini Mkuu ametangaza kwamba darasa la saba ni mfano wa kuigwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Fundi wa kuchomelea amekuja ofisini. Nilikuwa namwogopa mtu huyu. Ana sauti ya kupasua mawe, na binti yake ana makovu madogo mikononi. Muhula uliopita niliwaambia walimu wenzangu kwamba yule bila shaka anamchoma mtoto. Leo nimejua makovu yanatoka wapi. Twiga hufanyia kazi za nyumbani kwenye karakana ya baba yake kwa sababu ndiko kwenye taa nzuri, na cheche humfikia.

Hakukaa. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, macho mekundu kwa moto wa kazi.

"Mwalimu, mimi sikusoma, kwa hiyo siwezi kumsaidia maswali. Ninachoweza ni kukaa naye. Akisinzia namwagia maji usoni. Ananiomba mwenyewe. Anasema, 'Baba, ukiniacha nilale, Thelathini atanikasirikia.' Samahani, ndivyo wanavyokuita."

"Najua."

"Juzi nimemmwagia, hakushtuka. Macho yako wazi, maji yanaingia ndani ya macho, na hapepesi. Mkono unaandika. Nimemzaa mwenyewe, mwalimu, nikamwogopa." Akasubiri. "Ni kawaida hiyo? Kwa watoto wanaosoma sana?"

Mlango wa ofisi ya Mkuu ulikuwa wazi. Nikamwambia, "Uchovu tu, fundi. Mtihani ni wiki ijayo. Avumilie kidogo."

Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Kasuku hajasema neno tangu jana asubuhi.

Jumanne, 16 Aprili

Naandika saa tano asubuhi.

Saa tisa na robo usiku mlinzi alinigongea dirisha. "Mwalimu, wamefika kumi. Yule mrefu hajafika."

"Labda leo amelala."

"Hajakosa hata siku moja. Na barabara ya upande wa kwao imejaa maji."

Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia. Alikuwa amewafungia wale kumi ndani ya geti, tukashika njia. Mtaro ulikuwa umefurika, maji yamekata barabara yote mbele ya karakana na yalikuwa yananifika magotini, mazito, yananivuta. Tuliita mara mbili. Kisha mlinzi akanishika mkono. "Sikiliza."

Kando ya barabara kuna jengo la ghorofa ambalo mwenyewe aliliacha kabla halijapata kuta. Nguzo, sakafu na ngazi, basi. Kutoka humo juu ilikuja sauti ya mtoto inayosoma, taratibu, bila kupanda wala kushuka. "Swali la mia mbili na sita. Swali la mia mbili na saba."

Mlinzi akainua tochi. Kwanza niliona viatu. Viatu vya shule, vyeusi, vinaning'inia ukingoni mwa ghorofa ya pili, na maji yanadondoka kutoka kwenye ncha zake. Njia ya shule ilikuwa imezibwa na maji, naye akawa amefuata nchi kavu mpaka hapo. Akapata ngazi, akapata sakafu, akakaa.

Nilipanda ngazi zile kwa mikono na magoti kwa sababu hazina pa kushika. Mlinzi alikuja nyuma yangu, tochi ameifunika kwa kiganja. Twiga alikuwa ametugeuzia mgongo, ameketi ukingoni kabisa, daftari mapajani. Chini yake palikuwa na rundo la mawe na nondo zilizosimama. Mvua ilikuwa inamlowesha na mkono wake unaandika juu ya karatasi iliyokwisha kuwa uji.

"Usimwite jina," mlinzi akaninong'oneza. "Akizinduka hapo tumempoteza."

Hatua sita kati yetu. Nikizipiga mbio, akishtuka, amekwenda. Sikuwa na kitu cha kumwambia mtoto yule isipokuwa kile ambacho nimekisema kila siku ya kazi yangu. Nikanyoosha mgongo. Nikatoa sauti ya darasani.

"Wewe wa dawati la nyuma. Ubao unauona?"

Mkono ukasimama. "Siuoni, mwalimu."

"Kwa sababu umegeukia dirishani. Ubao uko huku. Hapohapo ulipo, bila kusimama, geuka."

Akafikiri. Kisha akainua mguu mmoja akauweka sakafuni. Kalamu ikamtoka, ikabingirika kuelekea ukingoni, ikasimama kwenye ufa. Akainama kuifuata, mkono umenyooka juu ya kiza, na nikaona mwili wake wote unakwenda na mkono.

"Acha kalamu!" nikasema. "Mimi ninayo nyingine."

Alibaki hivyohivyo, ameinama. "Sijamaliza, mwalimu."

"Umemaliza."

"Yamebaki."

"Hakuna yaliyobaki. Nimeyafuta."

Mlinzi nyuma yangu alikuwa hapumui.

"Yote?" Twiga akauliza.

"Yote."

"Na ya kesho?"

"Na ya kesho. Na ya keshokutwa. Ubao ni mtupu. Njoo uone."

Akaingiza mguu wa pili. Akaja kwa magoti, daftari kalivuta kwa mkono mmoja, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na aliponifikia nilimshika kwa nguvu zangu zote, nikaanguka naye chali upande wa ngazi. Hakuamka. Alilaza kichwa begani kwangu akaanza kukoroma.

Tulimbeba kwa zamu hadi karakana. Fundi tulimkuta barabarani, maji kiunoni, anaita jina la mwanawe. Alimpokea, akamlaza kwenye benchi la kazi, akamvua viatu, akamfunika kwa turubai na juu yake koti lake. Hapo ndipo nikamweleza. Nilimwambia kuhusu darasa la usiku, kokoto za mlinzi, na ufunguo niliomfungia Kasuku. Nikamwambia kwamba siku ile ofisini nilikuwa najua tayari.

Nilitegemea sauti ya kupasua mawe. Alisema polepole.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu, fundi."

"Wa kwako ulimfungia mlango," akasema. "Wa kwangu ukamfungulia geti."

Niliketi kwenye sakafu ya karakana mpaka kukapambazuka, maana hakunifukuza.

Ijumaa, 19 Aprili

Mtihani wa majaribio ulifanyika juzi kama ilivyopangwa. Twiga hakuwepo, na Kasuku nilimwacha amelala. Karatasi kumi na sita hazina kitu baada ya swali la nane, ila mstari mmoja wa wino unaoshuka hadi chini ya ukurasa, pale kichwa kilipoangukia.

Leo niliitisha kikao cha wazazi bila ruhusa. Walijaa darasani, wakubwa wamebanwa kwenye madawati ya wanao. Niliwaambia niliyoyaona na niliyoyaficha. Mkuu akasimama akasema mwalimu amechoka, apewe likizo. Mama mmoja mwenye duka la dawa akamuunga mkono kwa sauti kubwa: "Kwangu mlango una komeo na kufuli. Mwanangu analala fofofo. Hizo ni hadithi. Sisi tunataka maswali, wenzetu wanawapa watoto hata zaidi!" Wengi wakaitikia. Walikuwa wameyapenda yale matokeo ya wiki.

Fundi akasimama nyuma, kofia mikononi. "Mimi kusoma kunanipiga chenga," akasema. "Lakini ninyi mnasoma. Madaftari yamo ndani ya madawati. Kila mmoja afungue la kwake, baada ya swali la thelathini."

Madawati yakafunguliwa. Kwa muda hakukuwa na sauti ila ya kurasa, na mvua. Nikaona midomo inatembea, kisha inaacha kutembea. Baba mmoja akafunga daftari haraka na kuweka mkono juu yake kama anayezuia kitu kisitoke. Yule mama wa duka la dawa alisoma ukurasa wake mara mbili. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Soma, mama," fundi akamwambia kwa upole. "Mimi siwezi kuusoma wa kwangu."

Akasoma kwa sauti. "Swali la 52. Mama amefunga komeo na kufuli. Dirisha la chooni lina upana gani?"

Niliibandua ratiba mlangoni mbele yao, misumari yote minne. Wakakubaliana kwamba mpaka mwisho wa muhula hakuna daftari litakalotoka nje ya geti. Mkuu amenivua kazi ya taaluma papo hapo. Nimebaki na hisabati.

Jumatatu, 22 Aprili

Kipindi cha kwanza nimewaambia walaze vichwa. Walinitazama kwa mashaka, wakidhani ni mtego. Aliyeanza ni Twiga. Dakika tano baadaye darasa zima lilikuwa limelala, nami nimekaa katikati ya pumzi za watoto arobaini na mmoja. Mkuu alipita dirishani. Alisimama, akawatazama sana, kisha akaondoka kwa ncha za viatu.

Usiku wa kuamkia leo, mlinzi anasema, walikuja sita.

Alhamisi, 25 Aprili

Watatu. Walikaa, hawakuandika.

Jumanne, 30 Aprili

Mmoja. Alifika getini, akasimama, akageuka mwenyewe akarudi alikotoka. Mlinzi alimfuata kwa mbali hadi kwao.

Jumatano, 1 Mei

Nimepita karakana. Fundi alizima moto, akanivutia kiti. Twiga bado hapandi ngazi, hata zile tatu za mlango wa shule. Huinuliwa na wenzake. Hakumbuki kwa nini. Tumekunywa chai bila kusema mengi. Nilipoaga alisema, "Karibu tena, mwalimu." Sijui kama amenisamehe, na sikumwuliza.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imekatika. Kasuku amelala tangu saa mbili usiku jana hadi saa nne asubuhi hii. Nimeingia mara tatu kumtazama kama bado anapumua.

Amekuja jikoni macho yamevimba, nywele zimesimama, akavuta kigoda.

"Mama mdogo, nimeota."

Nikaacha nilichokuwa nafanya. Miezi miwili hajawahi kuniambia hivyo. "Umeota nini?"

"Mama. Anafua uani. Akaniambia shika upande wa pili wa shuka tukamue. Yeye anakamua kwa kushoto, mimi kwa kulia, basi shuka likawa linajikunjua tu, maji hayatoki. Akacheka mpaka akakaa chini, kiganja mdomoni, hivi."

Akanionyesha. Dada yangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikuwa anacheka hivyohivyo, kiganja mdomoni, kwa sababu ya jino lililopasuka. Hayo sijawahi kumsimulia Kasuku, na picha ya dada anayecheka haipo.

"Halafu?"

"Halafu akasema basi, tuliache. Tukalitupa kwenye kamba likiwa limelowa vilevile, tukaingia ndani kulala."

"Hata kwenye ndoto umelala?"

"Mama mdogo, nililala! Na huko ndotoni nikaota tena, sasa hiyo nyingine ilikuwa hivi, kulikuwa na kuku amevaa miwani, ngoja nianze mwanzo..."

Akaanza mwanzo. Ameongea mpaka saa saba mchana.